Sura ya Tano: Kompyuta Mbele ya Kanuni za Fizikia

Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayemaliza kidato cha sita huijua fomula ya pendulamu kwa ghibu: muda wa bembeo moja, kwenda na kurudi, ni 2π mara kipeuo cha pili cha urefu wa uzi ukigawanywa kwa g, mchapuko wa mvutano. Uzi wa mita 1 hutoa takriban sekunde 2, na saa ya maabara hukubaliana na jibu hilo. Lakini fomula hiyo ni ya pembe ndogo tu. Vuta gololi iliyofungwa mwishoni mwa uzi mpaka uzi ulale mlalo, nyuzi 90 kutoka wima, kisha uiachie. Hata tukiuacha kando ukinzani wa hewa, bembeo moja litachukua kama sekunde 2.37, yaani asilimia 18 zaidi. Kanuni za Newton hazijabadilika na mlinganyo ni ule ule, ila sasa hautatuliki kwa kalamu kwa njia tulizofundishwa shuleni.

Sehemu kubwa ya fizikia iko hivyo. Nyota tatu zinazovutana, mawingu yanayojengeka juu ya Ziwa Victoria, joto linalosambaa ndani ya injini: milinganyo yake tunayo, majibu yake hayaandikiki kwa fomula fupi. Ndiyo maana vyuo vikuu kadhaa duniani vinafundisha fizikia na kompyuta katika shahada moja. Sura hii inaeleza mwanafunzi wa shahada hiyo anajifunza nini hasa, na kwa nini masomo hayo mawili yanahitajiana.

Kukata muda vipande

Njia ya msingi ilielezwa na Leonhard Euler katika karne ya 18, kabla ya kompyuta yoyote. Tunaugawa muda katika vipande vidogo, tuseme vya sekunde 0.01. Mahali gololi ilipo panatupa mchapuko wake. Mchapuko unatupa badiliko la kasi, na kasi inatupa badiliko la mahali. Tunasogea kipande kimoja mbele, tunarudia. Kwa sekunde 10 tunarudia mara 1,000. Mtu angechoka, kompyuta humaliza kabla hujapepesa jicho.

Sasa tuichunguze programu hiyo kwa pendulamu ya mita 1 inayobembea kwa pembe ndogo. Inafanya kazi bila kulalamika na inachora mchoro mzuri. Lakini tukikokotoa nishati ya gololi katika kila hatua, tunaona inapanda. Baada ya sekunde 10 imekuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mwanzo. Hakuna aliyeisukuma gololi. Nishati hiyo haikutoka popote, na kanuni ya kuhifadhika kwa nishati inakataza jambo hilo kabisa.

Wazo la kwanza ni kupunguza vipande. Tukitumia sekunde 0.001, nishati inaongezeka kwa asilimia 10 hivi katika muda ule ule. Kosa limepungua, lakini bado linakua, na kazi ya kompyuta imeongezeka mara kumi. Dawa ya kweli ni ndogo kuliko hiyo: kwanza hesabu kasi mpya, kisha tumia hiyo kasi mpya, si ya zamani, kupata mahali papya. Ni badiliko la mstari mmoja. Nishati sasa inapanda na kushuka kidogo ndani ya mipaka yake na haikimbii tena, hata ukiiacha pendulamu ibembee kwa muda mrefu sana.

Hapo umuhimu wa kuyasoma masomo haya pamoja unaonekana waziwazi. Anayejua kompyuta pekee angeridhika, maana programu haikuonyesha hitilafu. Anayejua fizikia pekee angegundua kasoro lakini asijue imejificha mstari gani.

Namba ndani ya mashine

Kompyuta huhifadhi namba kwa sufuri na moja. Kwa mfumo huo, sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi moja isivyoisha tunapoiandika kwa desimali: 0.333 na kuendelea. Mashine hulazimika kuikata mahali fulani, na kinachobaki ni kosa dogo mno. Kosa hilo likirudiwa mara nyingi, hujumlika.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora aina ya Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Saa yake ya ndani ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na makosa ya ukataji yalikuwa yamefikia sekunde 0.34. Kombora aina ya Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita katika muda huo. Scud liliporushwa siku hiyo, mtambo ulilitafuta mahali lisipokuwepo, na askari 28 wa Marekani walipoteza maisha. Somo la namba linafundishwa kwa uzito huo.

Kugundua kwa kompyuta

Kompyuta pia huibua mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Huko Los Alamos, Marekani, miaka ya 1950, Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam walitaka kujua nishati inavyosambaa katika mnyororo wa vitu vilivyounganishwa kwa springi zisizofuata kabisa kanuni ya Hooke. Mary Tsingou ndiye aliyeandika programu kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa MANIAC. Wote walitarajia nishati igawanyike sawasawa kwa mitetemo yote. Badala yake, baada ya muda ilirudi karibu yote kwenye mtetemo ilikoanzia. Ripoti yao ya mwaka 1955 ilifungua njia mpya ya kuelewa mawimbi na vurugu za asili. Kwa miaka mingi jina la Tsingou liliachwa nje ya jina la utafiti huo. Leo wanasayansi wengi wanalitaja, na ni haki yake.

Njia ya mwanafunzi

Katika shahada ya aina hii, mwaka wa kwanza huwa wa mekanika, kalkulasi, aljebra ya matriki na lugha ya programu kama Python. Baadaye huja umeme na sumaku, fizikia ya kwanta, miundo ya data, na mbinu za kutumia namba za kubahatisha zijulikanazo kama Monte Carlo. Rwanda, kwa miaka mingi mwanafunzi aliweza kuanza mapema, kwa mchepuo wa MPC sekondari: hisabati, fizikia na kompyuta. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fizikia iko kampasi ya Mlimani na Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano iko kampasi nyingine, ya Kijitonyama. Popote ulipo, kama chuo chako hakina shahada ya pamoja, chagua kozi za hiari za upande wa pili na ujaze pengo mwenyewe. Python hailipiwi, na kompyuta ya kawaida ya mtumba ina nguvu kuliko MANIAC kwa mbali sana.

Kabla ya kufungua sura inayofuata, andika programu ya pendulamu kwa njia zote mbili tulizoeleza. Chora nishati katika kila hatua na ulinganishe. Na kila mara kompyuta inapokupa jibu, lipime kwanza kwa kanuni ya fizikia unayoijua, ndipo uliamini.