Pima Katikati, Pindo Litulie

Kwenye cherehani yetu fundi husogeza kitambaa. Huko Marekani wako mafundi wa mablanketi ya viraka wenye mashine ya mkono mrefu. Blanketi hukazwa kwenye fremu, mashine yenyewe ndiyo hutembea.

Blanketi hilo lina pindo pande zote, kama kanga. Pindo likikatwa refu mno, hufanya mawimbi. Hata mashine ile kubwa haiwezi kuliponya: ikipita juu yake, huacha mikunjo. Kitambaa na fedha vimepotea!

Sasa tufanyeje? Tusipime ukingoni, maana ukingo huvutika. Tupime katikati ya blanketi, tukate pindo kwa kipimo hicho. Tulibane kwa pini katikati na kwenye ncha zote mbili, ndipo tushone. Kupima ni dakika chache tu. Kufumua kutatula siku nzima.