Ubwiriunga wa Mikorosho: Jina la Kuvu na Faida Yake

Mkulima wa mikorosho wa Njinjo, wilayani Kilwa, huutambua ubwiriunga bila kufundishwa. Wakati wa kipupwe, miti inapochipua na kutoa maua, unga mweupe hutanda juu ya machipukizi, na maua hukauka na kupukutika kabla ya kufunga korosho. Ugonjwa huu ulitambuliwa nchini Tanzania mwaka 1979, zao la korosho likiwa tayari linashuka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ndogo, na watu kuhamia vijiji vilivyo mbali na mashamba yao, vilichangia. Lakini ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Je, unga huo ni nini? Ukiutazama kwa hadubini utaona nyuzi nyembamba zilizotambaa juu ya jani, na vikonyo vilivyosimama wima, kila kimoja kikipevusha kijimbegu kimoja kwa zamu. Hiyo ni kuvu. Mwili wake karibu wote uko nje. Ndani ya jani hupenyeza vinyonyeo tu. Ndiyo sababu unga wa salfa unaopulizwa mtini huweza kuifikia.

Mwaka 1898 mtaalamu Fritz Noack aliipa kuvu hiyo, iliyopatikana kwenye mikorosho ya Brazili, jina la Oidium anacardii. Hata hivyo, jina hilo lilitegemea vijimbegu vinavyozaliwa bila jinsia. Kuvu za jamaa hii hupambanuliwa hasa kwa vifuko vya mbegu za uzazi wa kijinsia, navyo havikuonekana. Ilikuwa kama kumtambua mtu kwa kisogo chake. Isitoshe, kuvu hii haioteshwi katika sahani za maabara kama kuvu nyingine. Huishi juu ya mmea ulio hai tu.

Vinasaba ndivyo vilivyoleta mwanga. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa kuvu za ubwiriunga za mkorosho, mwembe na mpira zina undugu wa karibu na kuvu ya mwaloni. Mwaka 2007 spishi mpya, Erysiphe quercicola, ilitangazwa kutokana na mialoni. Mwaka 2019 watafiti wa Brazili walieleza kwamba mikorosho ya huko hushambuliwa na spishi mbili: hiyo, na Erysiphe necator, inayofahamika sana kwa kuidhuru mizabibu. Unga ulioonekana kuwa mmoja ulikuwa na wenyewe wawili.

Spishi haikubaliwi kwa neno la mtu. Sharti ielezwe umbo lake, ipimwe, na sampuli yake ihifadhiwe ili wengine waikague. Na tangu tarehe 1 Januari 2013 jina jipya la kuvu sharti pia liandikishwe katika daftari la kimataifa.

Msomaji asidhani kuwa hayo ni mambo ya maabara tu. Mti ulioteuliwa kwa kuistahimili spishi moja waweza kushindwa na nyingine. Undugu wa vinasaba pekee hautoshi kuushtaki mwembe wa jirani. Yapasa kuyajaribu maambukizi yenyewe. Wakati huohuo, mkulima na aendelee kukata maotea yaliyo ndani ya kivuli cha mkorosho, kwa maana humo kuvu hujihifadhi hadi msimu wa maua urudi.