Binti anataka kazi ya jarida la mitindo? Mzazi, usikatae kabla ya kuuliza

Binti wa miaka 16 au 17 anaposema anataka kufanya kazi kwenye jarida la mitindo, mara nyingi hajawahi kukanyaga ofisi ya jarida lolote. Kazi hiyo ameiona kwenye runinga, au kwenye vipande vya video vinavyozunguka kwenye simu.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza nyumbani. Mzazi anaona ada inakwenda kupotea, mtoto anaona ndoto yake imedharauliwa. Kabla ya kufika huko, ni vizuri mzazi ajue vipindi hivyo vinaonyesha nini na vinaacha nini.

Vipindi vyenyewe

Kilichovuma zaidi ni The Hills, kilichorushwa na kituo cha MTV cha Marekani kuanzia mwaka 2006 hadi 2010. Kilimfuata Lauren Conrad, msichana aliyehamia Los Angeles kusoma na kufanya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, kwenye jarida la Teen Vogue. Mwenzake ofisini alikuwa Whitney Port.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Lauren alipewa nafasi ya kwenda Paris kikazi wakati wa kiangazi. Akaikataa ili abaki na mpenzi wake, na Whitney akaenda badala yake. Watazamaji walibishana miaka mingi kama alikosea. Swali ambalo mzazi yeyote angeanza nalo, yaani nani analipa nauli, chakula na pango huko Paris, halikuwa kiini cha hadithi.

Mwaka 2008 kikaja Stylista, ambapo vijana 11 walishindania kazi ya mhariri mdogo kwenye jarida la Elle mjini New York. Moja ya majaribio ya mwanzo lilikuwa kumwandalia kifungua kinywa bosi wao, Anne Slowey. Zawadi ya mshindi haikuwa kazi peke yake. Alilipiwa pia pango la nyumba Manhattan na kupewa posho ya nguo.

Mzazi asipite haraka hapo. Kama mshindi alihitaji kulipiwa nyumba ili aianze kazi hiyo, yule aliyeipata bila shindano alikuwa anaishije?

Kamera inaacha nini

Kazi ya anayeanza kwenye jarida la mitindo ni ya mikono na miguu. Nguo na viatu huletwa na kampuni kwa ajili ya kupigwa picha. Mtu lazima avipokee, aviandike kwenye orodha, avipange, avipeleke eneo la picha, kisha avirudishe vyote bila kupotea hata kimoja. Kuna kuhakiki majina na bei kabla ya kuchapa. Kuna simu, barua pepe na mizigo ya kubeba.

Hiyo haipendezi kutazamwa, kwa hiyo hukatwa. Kinachobaki ni ugomvi, machozi na nguo nzuri.

Hata waliocheza kwenye vipindi hivyo hawakuishi kwa kazi iliyoonyeshwa. Wahusika wakuu walilipwa na kipindi. Lauren Conrad hakuishia kuwa mhariri. Aliondoka The Hills mwaka 2009, na mwaka huohuo akaanza kuuza nguo zenye jina lake kwenye maduka ya Kohl's. Umaarufu wa runinga ndio uliomfungulia mlango, na si kila mwanafunzi wa fildi hufuatwa na kamera.

Kipindi chenyewe kilifunga kwa kukonyeza jicho. Katika tukio la mwisho, mwaka 2010, mandhari ya Los Angeles iliyokuwa nyuma ya mhusika ilivutwa pembeni, ikaonekana kuwa ni pazia tu ndani ya eneo la kupigia filamu.

Fildi bila mshahara

Jambo zito zaidi lilitokea nje ya runinga. Mwaka 2013, vijana waliowahi kufanya mafunzo kwenye majarida ya W na The New Yorker waliishtaki kampuni ya Condé Nast, ambayo wakati huo ilimiliki pia Vogue na Teen Vogue, wakidai walilipwa chini ya kima cha chini cha mshahara.

Mwaka huohuo kampuni ikatangaza kusitisha mpango wake wa mafunzo. Mwaka 2014 ikakubali kulipa dola milioni 5.8 kuyamaliza madai hayo, fedha za kugawanywa kwa maelfu ya waliopitia mpango huo.

Maana yake kwa familia ni rahisi. Fildi isiyolipa inalipwa na mzazi. Nauli, chakula na pango vinatoka mfukoni mwake. Mtoto ambaye nyumbani hawawezi, anaachwa nje hata kama ana kipaji.

Tena soko limebadilika. Teen Vogue iliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2017 na kuhamia mtandaoni. Ofisi ambayo binti anaiona kwenye video za zamani si ile atakayoikuta.

Mzazi afanye nini

Kwanza, tazama naye sehemu moja ya kipindi. Usikebehi. Muulize, "Mwanangu, hapa nani anamlipa nani? Kazi gani tumeiona ikianza mpaka ikaisha?" Aachwe ajibu mwenyewe.

Pili, muulize anapenda nini hasa. Jarida lina waandishi, wapiga picha, wapanga kurasa, wanaotayarisha mavazi na wanaouza matangazo. Kila kazi ina masomo yake. Anayejua kuandika, kupiga picha au kupanga kurasa anaweza kuajiriwa hata nje ya mitindo. Anayependa nguo zenyewe, pengine njia yake ni cherehani na biashara.

Tatu, mpe kazi ya mwezi mmoja. Atengeneze kurasa nne kuhusu vitenge vya sokoni au fundi cherehani wa mtaani. Aende, aulize, apige picha kwa simu, aandike, na kazi ikamilike siku mliyokubaliana. Wiki ya kwanza kila mtu ana hamu. Wiki ya tatu ndiyo inayosema.

Nne, akipata nafasi ya fildi popote, ulizeni kabla hajaripoti, na majibu yawe kwa maandishi: ni miezi mingapi, saa ngapi kwa siku, kuna posho au nauli, nani atamsimamia, na atajifunza nini. Sehemu inayokwepa maswali hayo inatafuta msaidizi wa bure.

Mtoto akiziona kurasa zake nne zimekamilika na bado anasema anaitaka kazi hii, hapo ndoto yake imetoka kwenye skrini. Ndipo mzazi akae naye mezani, wahesabu pamoja ada, muda na kile familia inachoweza kubeba.