Patroni yuko Bruxelles, kontra iko Makiso: mwajiri wako ni nani?



Tuseme umemaliza UNIKIS, uko nyumbani hapa Makiso, na siku moja kampuni ya Bruxelles inakuandikia: tumeona kazi yako, tunataka uanze mwezi ujao, dola 600 kwa mwezi, utafanyia kwenu. Unafurahi, na ni haki yako. Halafu mu barua ile ile kuna sentensi moja ndogo: hatuna kampuni nchini Kongo. Wengi wanairuka. Mimi nasema ndiyo ya kusoma mara mbili, juu konje, kodi, pensheni na hata namna ya kufukuzwa, vyote vinatoka pale.

Kwa nini hawana kampuni huku? Ni mzigo, tu. RDC iliingia OHADA mwaka 2012. Kampuni ya kigeni ikitaka kufungua tawi hapa inabidi iandikishwe mu RCCM, na sheria ya OHADA inaipa miaka 2 kugeuza tawi lile kuwa kampuni ya hapa, isipokuwa imepata ruhusa ya kuendelea vile. Nani atafanya yote hayo kwa ajili ya mfanyakazi mmoja? Basi wanatafuta njia ya pembeni. Ziko mbili ambazo utakutana nazo.

Njia ya kwanza wanakuita konsultan. Kila mwisho wa mwezi unatuma fakture, wanatuma feza, kwisha. Kama kweli una wateja wawili watatu na unajipangia saa zako, hakuna ubaya, ndiyo kazi yako. Lakini angalia: wanakuambia uingie saa mbili asubuhi, uombe ruhusa kabla ya kwenda matanga, usifanyie mtu mwingine. Hapo wewe si konsultan, hata waandike neno lile kwa herufi kubwa. Code du travail yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtambua mfanyakazi kwa jambo moja: anafanya kazi kwa malipo chini ya uongozi na mamlaka ya mtu mwingine. Jina la karatasi halibadilishi jambo hilo. Shida ni kwamba, mpaka mtu aende kulithibitisha, wewe huna mchango wowote CNSS, huna konje ya kulipwa, dada akizaa hana zile wiki 14 za uzazi ambazo sheria inampa, na kodi ni yako mwenyewe kuitangaza kwa DGI. Dola 600 za konsultan na dola 600 za mfanyakazi si dola zilezile.

Njia ya pili mimi naiita mwajiri wa karatasi. Wenyewe wanatumia herufi tatu za Kiingereza, EOR. Kampuni kama Deel na Remote, zote mbili zilianza 2019, zinaishi kwa kazi hiyo. Inakwenda hivi: kampuni ya katikati, yenye kuandikishwa mu nchi yako (au yenye mshirika aliyeandikishwa), ndiyo inasaini kontra na wewe. Inakulipa mshahara, inakata kodi, inapeleka michango. Bruxelles inaambiwa jumla, inalipa pamoja na ada ya huduma, na kila asubuhi ni Bruxelles inayokuambia fanya hiki, acha kile. Ni kama toleka: anayekanyaga ni mmoja, mwenye baiskeli ni mwingine, na abiria ndiye anasema twende wapi.

Hesabu ya CNSS ni rahisi. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza asilimia 13 kutoka mfuko wake. Kwa mshahara wa dola 600, wewe unatoa 30, yeye anatoa 78. Kuna pia INPP, na hiyo ni ya mwajiri peke yake. Kwa hiyo mtu akikuambia «tutakupa 600 yote mkononi, bila makato», usishangilie haraka. Zile 78 zimebaki kwake.

Sasa, mambo yakiharibika, unamshika nani? Nairobi wameshaliona swali hilo mbele yetu. Meta, wenye Facebook, hawakuajiri wenyewe vijana wa kuchuja picha na maneno mabaya ya Afrika. Kazi ilipitia kampuni ya Sama, Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini aliyefanya kazi ile, aliwashtaki wote wawili. Meta ikajibu karibu na lile lile ulilosoma mu barua yako: hatuna makao Kenya, hatufanyi biashara huko, mahakama yenu haituhusu. Februari 2023 mahakama ya kazi ikakataa hoja hiyo. Mwezi uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Meta ikakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema tena: mnaweza kushtakiwa hapa. Lakini hesabu miaka: zaidi ya 2 imepita kwa kubishania mlango tu, kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Na ile ni sheria ya Kenya, si yetu.

Ndiyo maana nauliza mambo haya kabla ya kusaini, si kisha. Jina la nani liko chini ya kontra kama mwajiri? Ana namba ya RCCM, Numéro Impôt na namba ya CNSS? Kama ni EOR na anasema ana mshirika hapa, mshirika huyo anaitwa nani? Bruxelles ikiacha kulipa, mwajiri wa karatasi ataendelea kunilipa wakati wa preavis? Kwa kontra isiyo na muda, preavis ya mwajiri haipungui siku 14 za kazi, na siku 7 zinaongezwa kwa kila mwaka kamili uliofanya. Kama hakuna kontra ya maandishi, sheria inachukulia kwamba haina muda (mfanyakazi wa siku ni jambo lingine). Kwa hiyo hata mwenye kuahidiwa kwa WhatsApp asitupe meseji zake.

Na usikasirike wakikukataza kusaini mikataba na wateja kwa jina lao. Mtu akisaini hapa mara kwa mara, watu wa kodi wanaweza kusema kampuni imeshakuwa na makao hapa, na ikatwe kodi ya faida. Wanaogopa hiyo.

Nageuza meza kidogo. Kuna wenzetu wanaouza kakao na kahawa kutoka Tshopo, wanataka mtu mmoja Kampala wa kupokea mzigo. Wengi wanamtumia feza kwa simu kila mwezi na kusema ni «mtu wetu». Uganda nako kuna NSSF: asilimia 5 ya mfanyakazi, 10 ya mwajiri. Yule «mtu wetu» naye atauliza siku moja zile 10 ziko wapi.