Mwanao ameanzisha podikasti ya vitabu? Usimpokonye kipaza sauti

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, feni ya sebuleni katika nyumba moja ya Tabata, jijini Dar es Salaam huzimwa. Televisheni nayo huzimwa, na mtoto mdogo hupelekwa kwa jirani. Joto halivumiliki, lakini feni ikiwaka mvumo wake unaingia kwenye rekodi, na wenye kipindi hawautaki.

Wenye kipindi ni watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, wa miaka 13 na 14. Majina yao yamehifadhiwa kwa kuwa ni watoto. Simu wanaiegemeza kwenye kikombe juu ya stuli, kanga mbili zinatundikwa ukutani kupunguza mwangwi, kisha wanabishana kuhusu kitabu kimoja kwa dakika 15 hivi. Hiyo ndiyo podikasti yao: kipindi kama cha redio, ila msikilizaji anakipata kwenye simu na kukisikiliza muda anaotaka.

Vifaa ni hivyo tu. Mzazi anayemwambia mwanawe asubiri mpaka ipatikane fedha ya maikrofoni anajitafutia sababu.

Mama mwenye nyumba, muuza vitenge, anakiri kuwa mwanzoni aliharibu. Katika vipindi viwili vya kwanza alikaa nao, akawaandikia maswali, akawasahihisha Kiswahili na kumtaka binti yake ataje mafunzo matano ya kitabu kama yuko kwenye mtihani. Kilichotoka kilisikika kama risala ya mahafali.

Wiki ya tatu binti alidai ana kazi nyingi za shule. Siku chache baadaye mama aligundua watoto wanarekodi kwenye ngazi za nyumba ya jirani, bila yeye.

Ilibidi wakae chini wazungumze. Walikubaliana kuwa watoto watachagua kitabu, maswali na maoni yao. Mama atasikiliza kila kipindi kabla hakijatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na ataruhusiwa kuuliza, si kufuta. Makubaliano hayo yaliandikwa nyuma ya daftari la hesabu.

Umuhimu wa sharti hilo la kusikiliza ulionekana walipofika kwenye Watoto wa Maman'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini wameisoma. Humo Zita na Peter wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, huku baba yao, Mzee Lomolomo, akiwa mtu wa pombe.

Binti mwenye zamu ya kuuliza alitaka kujua kama kweli kuna baba wa namna hiyo. Mvulana alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wa kwao anamzidi Lomolomo. Akaeleza mwisho wa mwezi unavyokuwa nyumbani, vyombo vinavyovunjwa, na usiku ambao yeye na mama yake walilala nje. Wenzake walinyamaza kidogo, kisha swali lililofuata likaulizwa.

Mama alilisikia akiwa anakunja nguo. Watoto waliona hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na kusema kweli hawakukosea. Lakini kundi lile lina wazazi wa mtaa huohuo. Kama kipindi kingetumwa kilivyo, baba angepata habari kabla ya jua kuzama, na mtoto angelala naye nyumba moja.

Hakufuta, na hakumpigia baba simu. Alimwita mvulana pembeni na kumuuliza mambo mawili tu: je, anataka maneno yale yasikike, na je, usiku huo atakuwa salama nyumbani? La kwanza hakuwa amelifikiria. Alisikiliza tena, akasema yaondolewe, akaikata sehemu hiyo mwenyewe. La pili alilijibu kwa kumtaja bibi yake wa Mbagala.

Walimpigia bibi pamoja. Bibi ndiye aliyekwenda na mama wa mtoto kwa ofisa ustawi wa jamii, na siku hizi mvulana hulala kwake kila mwisho wa mwezi. Tatizo la baba halijaisha.

Mzazi anapaswa kulitarajia jambo hili kabla ya kumpa mtoto simu ya kurekodia. Ni rahisi zaidi kumsema Lomolomo kuliko kumsema baba, kwa hiyo kitabu kinafungua mdomo ambao maswali ya moja kwa moja huufunga. Asiye na bibi wa kumpigia anaweza kupiga 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Mengine ni madogo. Jina la shule na mtaa visitajwe kwenye kipindi. WhatsApp inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, hivyo akaunti ya kutumia ni ya mzazi. Kujadili kitabu hakuna shida, ila kukisoma chote kwa sauti na kukisambaza kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Wanaopenda kusoma hadithi nzima wanaweza kuchukua za Kiswahili kwenye maktaba ya mtandaoni ya African Storybook, ambazo leseni zake huria zinaruhusu kusambazwa mradi mwandishi atajwe.

Kuna pia suala la masikio, maana anayehariri husikiliza kipandehicho kipande mara kumi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anayetumia spika za masikioni asizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Nyumbani hakuna kipimo cha desibeli, lakini ukikaa karibu naye na wewe ukasikia kinachochezwa, apunguze sauti.

Kwa sasa kinachowakwamisha watatu hawa ni vitabu. Kipindi kijacho ni cha Takadini ya Ben Hanson, kuhusu mama anayekimbia na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Kitabu ni cha Kiingereza, wao wanakijadili kwa Kiswahili, na wameshaanza kugombana kuhusu baba wa mtoto huyo. Nakala ni moja, ya kaka wa mmoja wao. Zamu ya mvulana inaisha Jumatano.