Nakshi haitaki flashi: darasa la picha kwenye majengo ya zamani ya Tabora

Wapambanaji, leo ni zamu ya wanaouza vitu vya mbao: milango, vitanda, fremu. Wenye gesti wanaotangaza vyumba mtandaoni nanyi msipite.

Mimi nauza milango ya mninga inayochongwa na mafundi wa hapa Tabora. Mteja yuko Dar au Mwanza, anatuma nusu ya hela kabla hajaigusa mbao. Mwaka jana mlango mmoja ulirudi. Picha aliipiga kijana wa fundi kwa flashi, mbao ikatoka rangi ya chungwa. Mteja akapokea kahawia iliyokolea, akasema kabadilishiwa. Nauli ya kwenda na kurudi ikameza faida yote.

Mazoezi nafanyia sehemu mbili. Orion, ile hoteli ya zamani ya reli karibu na stesheni, jengo la enzi za Wajerumani (reli ilifika Tabora 1912). Na tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, misafara ya pembe na watumwa ilipokuwa ikipita hapa kwenda Bagamoyo. Mlango wake una nakshi za pwani, na ndani kuna giza. Ukiweza kupiga picha humo, chumba cha gesti ni mteremko.

Omba ruhusa kwanza. Hotelini anzia mapokezi, sema picha zinaenda wapi, na mgeni anayekunywa chai yake asitokee kwenye tangazo lako.

Sasa mwanga, ndiko kwenye kazi. Nakshi ni mashimo na miinuko, na kinachoionyesha ni kivuli. Flashi inaipiga usoni, vivuli vinakufa, ua lililochongwa siku nne linaonekana kama stika. Zima. Zima na balbu pia, maana njano yake ikichanganyika na mwanga wa dirishani rangi ya mbao inapotea. Fungua dirisha la pembeni, subiri kama saa nne asubuhi (jua letu linachelewa karibu nusu saa kuliko la Dar). Upande wenye giza simamisha shuka jeupe.

Gusa mbao kwenye kioo cha simu, shusha mwanga kidogo kwa kidole. Simu ishike wima usawa wa kifua. Ukiiinamisha, nguzo zinaonekana zinaanguka. Ile lenzi ya 0.5 inapendezesha ukumbi, ila kwa chumba kidogo ni uongo mtupu: mgeni anafika anakuta kitanda kimegusa kuta mbili. Rudi nyuma mpaka kwenye kona, tumia 1. Filta achana nazo.

Mimi natuma picha tatu: mlango mzima, nakshi kwa karibu, na ufa kama upo. Wenzangu wananicheka kwa hiyo ya ufa. Wiki iliyopita mteja wa Iringa aliuona, akaomba apunguziwe 15,000, nikakubali, na mlango ukapanda basi kesho yake alfajiri.