Sesilia wa Uluguru si Kipofu

Jina sesilia, lililopewa kundi la amfibia wasio na miguu, linatokana na neno la Kilatini caecus, yaani kipofu. Warumi walimwita hivyo mjusi fulani asiye na miguu, wakidhani haoni. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus akalichukua jina hilo akampa mnyama mwingine kabisa, amfibia wa Amerika ya Kusini, na tangu hapo ukoo mzima umelirithi. Anayeonewa zaidi na jina hili yuko kwenye milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro.

Huyo ni Scolecomorphus uluguruensis, aliyeelezwa na wanasayansi Barbour na Loveridge mwaka 1928. Fuvu lake halina tundu la jicho. Jicho liko chini ya mfupa. Ukiishia hapo utawaunga mkono Warumi. Lakini kila sesilia ana vipapasio viwili usoni, vya kugusia na kunusia, vinavyochomoza na kurudi ndani. Msuli unaovivuta ndani ni ule ambao kwa chura huvuta jicho, na tezi ya kulainisha jicho sasa hulainisha kipapasio. Jenasi ya Scolecomorphus imeenda mbali zaidi: jicho lenyewe limeshikamana na shina la kipapasio. Kipapasio kikitoka, jicho nalo hutoka nje ya fuvu, likapata mwanga kupitia ngozi isiyo na rangi. Kikirudi, nalo hurudi chini ya mfupa. Jambo hili lilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1996, kutokana na ndugu yake Scolecomorphus kirkii, aliyepewa jina la John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar. Mnyama anayetoa jicho nje ya fuvu na kulirudisha, kisha tunamwita kipofu!

Chura wa Kihansi, amfibia mwingine wa Tanzania aliyeishi kando ya maporomoko ya mto, tulimjua vizuri baada ya bwawa kukausha makazi yake, hadi akapelekwa Marekani mwaka 2000. Sesilia wa Uluguru hana maporomoko ya kuvutia wageni. Ana udongo tu, na udongo huo tunauchoma moto kila msimu wa kuandaa mashamba, mvua ikauteremsha hadi mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, lakini moto haujui mpaka.

Faida za sesilia? Hula nyungunyungu, hutoboa ardhi, naye huliwa na nyoka.